Mzee Aulizwe Kwanza

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima. Baba anakusalimu, ila bado anaunguza sufuria.

Mama, nimekubaliwa! Vyuo viwili, vyote shahada ya maadili. Kimoja ni kile kikubwa cha mjini, hata watoto wa chekechea wanakijua. Cha pili ni kidogo, kiko kilimani nyuma ya hospitali. Wamenikaribisha kote nikasikilize darasa kabla sijachagua. Nipe neno lako.

Kitinda mimba wako

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu, mgongo unauma siku za mashuka tu. Na hapa hotelini kwa sisi madobi, kila siku ni ya mashuka.

Shahada ya maadili? Miaka yote nimekufundisha adabu, kumbe ningekuwa natoa vyeti! Mimi nilitarajia sheria. Basi kama umeng'ang'ania, nenda kile kikubwa. Jina la chuo ni nusu ya kazi. Hicho cha kilimani achana nacho.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu.

Nimekwenda kote kuwili. Kwenye chuo kikubwa ukumbi ulifurika hadi ngazini. Mhadhiri alisoma maneno yaliyomulikwa ukutani, akafunga kompyuta, akaondoka. Hakuna aliyeuliza kitu.

Kilimani tuliizunguka meza moja. Mwalimu, mama wa makamo, akatupa kisa: mzee anaumwa, hatapona, na mwanawe anamsihi daktari asimwambie. "Mimi nasema aambiwe," akasema mwalimu, akiandika ubaoni. "Ni haki yake."

Unanijua, Mama. Maneno yakanitoka: "Mbona mzee mwenyewe hajaulizwa anataka kujua kiasi gani? Aulizwe kwanza."

Wanafunzi wenzangu wakanivamia kama nyuki! Nikajibu, nikabanwa, nikajibu tena. Mwishowe mwalimu akafuta alichoandika ubaoni. "Umenibadilisha mawazo, binti," akasema.

Nataka kilimani. Usikasirike.

Kitinda mimba wako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Kimya chako kimenizidi. Baba ananiambia nivute subira, lakini vyuo vinangoja jibu. Nitachagua mwenyewe ikibidi; ila sipendi kuchagua huku nimekupa mgongo.

Kitinda mimba wako

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, mimi mzima. Nilinuna, basi.

Juzi tukikunja mashuka nikawasimulia wenzangu kisa cha yule mzee, ili wanisaidie kukucheka. Lo! Mmoja akasema aambiwe, mwingine akaapa asiambiwe ng'o, foronya zikaanza kuruka. Msimamizi akaja kugomba, akaishia kubishana kuliko sote. Mimi huyo, nimepanda juu ya kreti la sabuni, natetea hoja yako kama wakili! Kila aliyenipinga nilimjibu, na nilipoishiwa majibu nilitamani ungekuwepo.

Msimamizi akaniuliza, "Haya umeyatoa wapi?"

"Kwa binti yangu," nikasema. "Anakwenda kusomea maadili."

Hapo dobi mwenzetu mkali kuliko wote, asiyemsifu mtu, akasema, "Watu kama huyo wanahitajika hospitalini."

Mwanangu, nilitoka pale kichwa kikigusa dari. Waandikie watu wa kilimani leo hii. Likizo nimeshaomba na nimepewa: siku ya kuripoti nitakupandisha huko mwenyewe, kifua mbele, na sanduku nitabeba mimi.

Mama yako