Msitu Ambao Hukuukanyaga

Stechford, Birmingham
Jumanne, Septemba

Mpendwa Baba Ayaan,

Leo nimetandaza vitu vyako vya uwindaji sebuleni: viatu vya mpira, koti la rangi ya chungwa, chupa ya chai, daftari. Viatu nimevivalia soksi tatu na bado mguu unaogelea. Binti yetu alisimama mlangoni akaniambia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba mama anayemtoa buibui nje kwa kikombe hawezi kumpiga risasi mnyama mkubwa kuliko farasi. Nilicheka. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua bomba, nikalia.

Tulipohama Sweden, kitu kimoja tu ulikataa kukiacha: nafasi yako katika kundi la wawindaji. Kila Oktoba ulirudi kule, ukaketi kwenye jiwe lako kumsubiri elki, yule kulungu mkubwa wa kaskazini. Wenzako walikuachia mnyama mmoja umpige wewe, kwa kuwa wewe ndiye ungesema bismillahi kabla ya kufyatua, nasi huku tukale bila wasiwasi. Ulifika nyumbani ukinuka moshi. "Mama Ayaan, iliki usiibanie, na wali uwe mwingi." Ulipofariki, pakiti moja ya nyama yake ilikuwa bado kwenye friza. Niliipika siku ya Idi. Imekwisha.

Kundi lilinipa msimu huu mmoja nishike nafasi yako. Nisipokwenda, anapewa mwingine. Ndiyo maana nilijifunza. Mzee Gurdip, yule Singasinga wa Nakuru, alinipeleka kila Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. "Mama, unagombana na bunduki," aliniambia. "Hiyo si wifi yako. Ishike polepole." Mtihani wa leseni ya uwindaji nilianguka mara mbili, mara ya tatu nikapita.

Na daftari lako nililikariri. Hatua arobaini kutoka barabarani hadi kijito, mia na kumi hadi kwenye jiwe. Nilizipima bustanini, nikirukaruka ili hatua zangu zifikie zako, wenye mbwa wakinitazama.

Jana kiongozi wa kundi alipiga simu. Msitu wenu umekatwa wote. Mwaka huu wanakwenda kaskazini zaidi, mahali ambapo hata yeye hajawahi kuwinda. "Unakuja?" aliniuliza. "Nahitaji jibu kesho."

Baba Ayaan, nilitaka kukaa ulipokaa. Hilo tu. Nilidhani nikifika kwenye lile jiwe nitajua ulikuwa ukiwaza nini saa zile zote ukiwa kimya. Sasa jiwe limebaki juani, halina hata mti mmoja, na mimi naelekea mahali ambapo hujawahi kufika, kwa watu nisiowajua, na kila nilichokariri hakinisaidii kitu. Nikutafute wapi kwingine? Sina kwingine.

Asubuhi hii nimemjibu kwamba nakuja. Naogopa kupotea. Naogopa kumjeruhi mnyama, akimbie na maumivu yake kwa ajili yangu. Lakini naogopa zaidi mtu atakayekaa kwenye nafasi yako bila kulijua jina lako.

Nakuombea kila sala. Nawe, kama huko uliko mtu huruhusiwa kumkumbuka aliyemwacha nyuma, nikumbuke.

Mkeo,
Mama Ayaan