Kupotea kwa Sauti ya Marehemu Hsieh

KITUO CHA POLISI, TAINAN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Teng Pei-shan. Umri: miaka 38. Kazi: mtengeneza nywele. Makazi: ghorofa ya pili, jengo la mlalamikaji.

Mnamo tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, nilikuwa ghorofa ya tatu nikimtengeneza nywele Mama Chuang Giok-lan, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake kesho yake. Mumewe, marehemu Hsieh, alikuwa akichezesha vikaragosi hekaluni. Sauti yake imehifadhiwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye ruta ya waifai pale ngazini. Wapangaji wote tunaifungua kwa simu. Mama alitaka isikike harusini.

Alipoitafuta kwenye simu, diski haikuonekana. Jana yake Mzee Kuo Tien-fu wa ghorofa ya kwanza alikuwa ameihamishia ruta juu ya kabati. Mama alimshukia.

"We mzee, umemfuta mume wangu!"

"Mimi? Hata rimoti inanishinda, nitamfuta mtu?"

"Utayasema polisi!"

Akatoka na vibanio kichwani. Nilimkimbilia. Tulirudi na Afande Lu.

Mbele ya afande niliichomeka diski kwenye kompyuta yangu. Faili zote zilikuwamo. Mama alishika kifua. Nikairudisha kwenye ruta. Ikalia tik, tik, ikanyamaza. Ndipo nilipoutazama waya unaoiunganisha diski na ruta. Ulikuwa mrefu na mwembamba. Mzee Kuo aliuweka ili ufike kabatini, na umeme wa kutosha haukuwa ukiifikia diski. Nikaishusha ruta, nikarudisha waya mfupi wa awali. Diski ikazunguka, jina la diski likatokea kwenye simu zetu.

Mama akabonyeza. Sauti ya marehemu ikanguruma, akiigiza kikaragosi cha chui milia anayemwomba mkewe radhi. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na mtu anayecheka huku akikoroma, hajiwezi. Kicheko kile jengo zima tunakijua.

Mama alimgeukia Mzee Kuo. "Kumbe na wewe umo humu?"

"Nilikuwa nakaa mbele kabisa, shemeji. Yule chui alikuwa ananikejeli mimi, makusudi."

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Akamwambia apande juu, tambi zinapoa.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: Teng Pei-shan

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Nilipomuuliza sababu, alisema niende harusini nikasikilize mwenyewe. Nitakwenda.

Konstebo Lu Chih-yuan