Harusi Isiyo na Karanga

Jumatatu, 1 Septemba

Viazi na yai kwenye kikopo cha Zaina. Nimemkumbusha asipokee kitu cha mtu shuleni. "Najua, mama," kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi. Ana miaka saba na tayari ameshanichoka.

Halafu cherehani mpaka adhuhuri. Sare za harusi ya wifi yangu Mwanahawa. Kitenge cha kijani chenye maua makubwa kama sahani. Mimi nisingekichagua, lakini mimi siolewi.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwa mama mkwe, Misima. Bakari anataka twende sote watatu. Nimemwambia nitafikiri. Miaka tisa ya ndoa, anajua nikisema nitafikiri maana yake sitaki.

Alhamisi, 4 Septemba

Bakari amerudi na hoja ileile. Anasema nina wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Nimemwambia kuku ana akili.

Yeye hakuwepo Misima Idi ile, alikuwa safarini na lori. Mimi nilikuwepo. Kisamvu kilikuwa na karanga, kama kila kisamvu kule. Hatukujua. Zaina alikula matonge machache tu. Midomo ikavimba, macho yakafumba, akaanza kukoroma huku yuko macho. Jirani mmoja akasema ni jicho la mtu, atafutwe mzee amsomee. Mama mkwe alimbeba mtoto, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita barabarani. Mtandio ukaanguka, hakugeuka kuutazama. Nilipofika hospitali Handeni nyuma yao, Zaina alikuwa ameshachomwa sindano na mama mkwe amesimama kichwa wazi mbele ya daktari.

Daktari akasema ni mzio wa karanga. Mama mkwe aliuliza swali moja. Je, tukimpa kidogo kidogo atazoea? Daktari akasema hapana, anaweza kufa. Mama mkwe akasema, "Basi."

Tangu siku hiyo karanga haijavuka mlango wa nyumba yake. Anazilima bado. Anazivuna, anaziuza hukohuko shambani, ananawa kwa sabuni, ndiyo anarudi nyumbani. Kuna watu kwenye ukoo wanaosema namlea mtoto kizungu. Yeye hajasema neno hilo hata siku moja. Nampenda mwanamke huyu, na si kazi rahisi kumpenda mama mkwe.

Lakini harusi si nyumba yake peke yake. Harusi ni kijiji kizima. Kwa hiyo tangu Idi ile, kila shughuli tunayokwenda, Zaina anakula kwenye kikopo, ubavuni kwangu. Wenzake wamezunguka sinia wanagombania minofu, yeye na kikopo. Juzi kwenye maulidi ya jirani ameniuliza kama chakula cha kwenye sinia ni kitamu zaidi. Nimemwambia ni kilekile. Uongo mtupu. Kila mtu anajua cha kwenye sinia ni kitamu zaidi.

Jumapili, 7 Septemba

Mama mkwe amepiga simu. Ameamua. Harusi nzima haitakuwa na karanga.

Si sufuria moja. Nzima. Hakuna kisamvu cha karanga, hakuna kashata, hakuna hata zile za kutafuna za wazee wanaosubiri ndoa ifungwe. Na huu ndio wakati zimetoka shambani, kila nyumba Misima ina gunia. Amepita mlango kwa mlango kuwaambia yeye mwenyewe, na magoti yake yale yanayomuuma. Mwanahawa ananiambia kuna manung'uniko. Wengine wameuliza kama familia imeishiwa. Mama mkwe amewajibu, "Karanga zinamkataa mjukuu wangu. Anayezitaka azile kwake, anawe, ndiyo aje."

Nimemwambia, mama, usijisumbue hivyo, nitampikia chake. Akasema, "Mtalala chumba cha mbele." Ndilo jibu lake.

Tunakwenda.

Jumatano, 10 Septemba

Duka la dawa. Dawa za mzio zipo kwenye mkoba, na kijiko chake. Nimerudia maneno ya daktari kichwani: midomo ikivimba au pumzi ikibadilika usikae kungoja dawa, kimbia hospitali. Bakari amezungumza na kijana wa bodaboda wa pale Misima. Atakuwa karibu nasi siku zote na tangi limejaa.

Naogopa. Nimefungasha pia mchele, viazi na kikopo. Mama mkwe sijamwambia.

Alhamisi, 11 Septemba

Misima. Vumbi, turubai limeshafungwa, vicheko jikoni. Nyimbo zao za Kizigua mimi Mshambaa wa Vugiri nazielewa nusunusu. Ile nusu niliyoielewa si ya kuandikwa.

Zaina anasalimia wakubwa kwa mpigo mmoja. "Shikamoo bibi, hii ina karanga?" Hapumziki katikati. Bibi mmoja amecheka mpaka amekaa chini. Mtoto hakuona haya. Amesimama akingoja jibu, na alipolipata ndiyo akapokea ndizi. Sikumfundisha ujasiri. Nilimfundisha woga, ujasiri ameutoa mwenyewe.

Rehema, binti wa shemeji yangu, rika lake, amemuuliza kama akila karanga atapasuka. Zaina akamwambia, "Kwanza navimba." Wakaenda kucheza.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya. Halafu ikawa siku nzuri kuliko zote. Niandike kwa mpangilio.

Huku kesho ikiwa harusi, leo wanawake wote wa jirani wanakuja kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu na kutwanga viungo. Na kila mmoja anakuja na kinu chake na mchi wake. Ndiyo desturi. Kuja mikono mitupu ni aibu. Saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa vinu na michi inapokezana. Nikasahau woga wangu, nikakaa kumenya vitunguu.

Zaina akawa anazunguka na Rehema. Akafika kwenye kinu cha Mama Shabani, mpishi mkuu, mwanamke ambaye hakuna pilau inayopikwa Misima bila mkono wake. Akasimama. Akainama, akanusa. Akarudi nyuma hatua, mikono mgongoni kama nilivyomfundisha. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Bibi, hiki kinu kinanukia karanga."

Nimeinuka na kisu mkononi.

Bila shaka kinanukia. Kinu cha mbao, msimu wa karanga. Juzi kimetwanga karanga, jana kimetwanga karanga, mafuta yamezama kwenye mti. Na leo kimetwanga vitunguu saumu vya pilau yote. Na si hicho tu, ni vinu vyote pale uwanjani. Mama mkwe alikataza karanga mlango kwa mlango, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria vinu. Mimi mwenyewe, ninayesoma kila pakiti ya biskuti Korogwe nzima, nilikaa katikati yavyo nikamenya.

Mama Shabani alikasirika. Alidhani anaambiwa kinu chake kichafu, mbele za watu, na mtoto. Alianza kukusanya vitu vyake. Mpishi mkuu akiondoka siku moja kabla ya harusi, hakuna harusi. Nikaona niokoe jahazi. Nikasema, jamani endeleeni, Zaina nina mchele wake, nitampikia pembeni, hakuna shida. Nilisema kwa tabasamu. Nilikuwa karibu kulia.

Mama mkwe akatoka jikoni. Kwanza alimshika Mama Shabani mkono. Akamwambia, "Dada, kinu chako kisafi kuliko changu. Kina karanga tu, na mimi ndiye niliyekuomba ukilete. Kosa langu." Kisha akanigeukia. Hakuwa mpole. "Huyu hali pembeni nyumbani kwangu. Mgeni tusiyemjua hatumlishi pembeni, nitamlisha mjukuu wangu?"

Akaingia ndani, akatoka na kinu chake. Kidogo, kipya, alikichongesha baada ya Idi ile na hakijawahi kuona karanga. Akakiweka katikati ya uwanja. Akasema viungo vyote vinatwangwa upya, humu.

Walinung'unika. Hilo nalo niliandike, wasije wakaonekana malaika. Mmoja alisema tutatwanga mpaka Mwanahawa azae. Lakini walikaa. Vilivyotwangwa wakagawana wakapeleke makwao, wakanawa kwa sabuni, wakamenya upya. Wa kwanza kushika mchi alikuwa Mama Shabani. Uso bado umekunjwa, hakuniangalia, alitwanga kama anamtwanga adui. Akichoka anapokea mwingine. Kinu kimoja kidogo kwa vitunguu vya harusi nzima. Walianza hata kuimba wimbo wa kukitania kinu. Kufikia alasiri walikuwa wamemaliza.

Nimetwanga na mimi. Viganja vina malengelenge. Sijawahi kuwaheshimu watu kama leo.

Jumamosi, 13 Septemba

Mwanahawa ameolewa. Alikuwa mzuri. Hata kitenge cha kijani kilipendeza, nakubali.

Msafara wa bwana harusi umetoka Mkumbara. Wamekuja na kapu la kashata za karanga kwa ajili ya watoto. Hawakuwa na kosa, nani angewaambia? Mama mkwe amelipokea kwa mikono miwili, ameshukuru, amepiga kigelegele kirefu kuliko wote. Akalipeleka chumbani kwake, akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Wageni wakaona wamepokelewa vizuri. Sijui mimi ningefanya nini. Ningepiga kelele.

Ila mama mmoja kwenye msafara alikuwa na ukarimu wa haraka. Alishawagawia kashata watoto wa pale waliokwenda kuwapokea njiani.

Nikajua basi. Nimetoa kikopo kwenye mkoba. Masinia ya watoto yalikuwa yanakuja, pilau inafuka moshi, na Zaina ameshakaa kwenye mkeka na wenzake, khanga ya Rehema wamejifunika wote wawili magotini. Nikaenda kumchukua.

Mama mkwe alifika kabla yangu. Mama wa bi harusi. Saa ile alitakiwa awe amekaa kwenye kiti chake, na sare yake, watu wanakuja kumpa mkono. Alikuwa na birika, beseni na kipande cha sabuni. Akauliza nani amekula kashata, bila ukali. Watoto wawili wakainua mikono. Akawaambia, "Nyie leo mnakula na babu zenu." Wakaenda vifua mbele, wakidhani wamepandishwa cheo. Waliobaki akawanawisha mmoja mmoja. Sabuni, kucha, kiganja, mpaka kwenye kiwiko. Akawasukutulisha vinywa. Aliinama kwa kila mtoto, na magoti yale. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyang'anya birika. Wa mwisho alikuwa Zaina, akanawishwa kama wengine.

Mama Shabani akaleta sinia yeye mwenyewe. Akaliweka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nimepika kwa mkono wangu, sufuria hata mwiko sijamwachia mtu."

Mama mkwe naye akanitazama. Ningesema hapana, asingenilaumu, nililiona hilo usoni kwake. Nilikuwa nimesimama na kikopo mkononi. Zaina naye alinitazama, mkono hewani.

Nikasema, "Bismillahi, kuleni."

Nilisimama nyuma ya mkeka mpaka sinia likawa jeupe. Nilihesabu pumzi zake, si matonge. Bakari amesimama upande wa pili, naye anajifanya anaangalia turubai. Hakuvimba. Hakukoroma. Alijilamba mpaka kwenye kifundo cha mkono, akacheka na mdomo umejaa, tabia ambayo nyumbani huwa namkemea.

Nimekwenda nyuma ya choo nikalia. Nilipomaliza nikaenda kumpa mama mkwe mkono kama mzazi wa bi harusi. Nilikuwa na maneno mengi, nikasema hongera, mama. Akasema asante, nikamhimize kijana wa bodaboda ale kabla chakula hakijaisha.

Jumapili, 14 Septemba

Tumerudi Korogwe mchana. Nimefua. Nimemkagua Zaina mgongo, tumbo, nyuma ya masikio. Hana kipele. Dawa zimerudi kabatini kama zilivyotoka.

Amenuna tangu kwenye basi. Nilidhani amechoka. Jioni ndiyo amesema. Rehema alimchukulia nyama yake. Ilikuwa kubwa, ilikuwa upande wake wa sinia kabisa, yeye alikuwa anaitunza mpaka mwisho, na Rehema akapeleka mkono tu akaichukua akala. Hakuomba hata. Anataka nimpigie simu mama yake Rehema nimshtaki.

Nimemsikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Sijawahi kusikia malalamiko matamu hivi. Nimemwambia siku nyingine awe anaanza na nyama.