Samaki Anayejiponya Moyo

Mama,

Sisi tupo. Jiko lako la kukaanga samaki pale mtaani Gatwekera amelichukua Anti Akinyi, na wateja wanalalamika kwamba samaki wake hawakauki kama wako. Nacheka, halafu nalia kidogo, halafu naenda kazini.

Ndiyo, kazini! Uliniacha nikiwa bado nasomea wanyama. Sasa niko maabara, na mnyama mwenyewe ni samaki. Tunamwita samaki pundamilia kwa sababu ya mistari yake, na ni mdogo kama omena. Hatumli. Tunamchunguza kwa kuwa mwili wake unafanana na wetu kwa mengi, na akiwa bado ndani ya yai unauona moyo wake ukidunda. Nilipomweleza Anti, alinihurumia: "Kwani mtu anasoma hivyo yote ndio akuje kuangalia omena?"

Mwanzoni niliaibika. Nilimshika mmoja akiwa hai kwa kitambaa kikavu, nikambana vile ulivyonifunza kubana ngege wa kuparwa magamba. Ute wote ukabanduka, na ute ndio kinga yake. Akafa. Wenzangu wakaniuliza, "Wewe, ulitaka kumkaanga?" Nikajifunza upya, mikono ikiwa imelowa.

Kisha mkubwa wetu akanipa kazi niliyoiogopa: kukata kipande cha moyo. Samaki huyu ukimkata moyo, anauotesha tena, nasi tunataka kujua anafanyaje. Mama, ni moyo uliokuua. Nilikuona ukihema kitandani, ukisema ni uchovu wa jikoni tu. Nilikaribia kusema siwezi, na ningesema hivyo, kazi ingepewa mwingine nami ningerudi kuosha matangi ya samaki.

Nikamlaza kwa dawa ya usingizi. Nikakata kidogo sana, nikamrudisha majini. Alizama, akatulia. Nikamwambia, ogelea basi, ogelea. Akaogelea.

Juzi, miezi miwili baadaye, tuliupima moyo wake. Umeota tena ukajaa, unadunda vizuri. Wenzangu walishangilia, lakini mimi nilikasirika, Mama. Kisamaki cha ukubwa wa kidole kimepewa kitu ulichonyimwa wewe.

Hasira imepoa. Sikudanganyi, dawa ya kuotesha moyo wa binadamu bado haijapatikana, na huenda nikazeeka nikiitafuta. Lakini naijua kazi hii sasa. Kesho nina samaki wengine.

Pumzika, mama yangu. Moyo wako haukuota tena, na nakuahidi sitaacha kuuliza kwa nini.

Mwanao,
Achieng