Majivu ya Meza ya Tatu

Chiwata, Masasi

Mjukuu wangu Agnesi,

Marahaba. Hapa sote wazima. Baba yako anapalilia mikorosho, na shangazi yako amepewa kuongoza kwaya ya kanisa, basi hatupumui.

Unaniuliza kuhusu meneja wa kiwanda chenu cha pikipiki, anayesema atakifunga msipoacha mapumziko mliyopatiwa na chama cha wafanyakazi, eti yanamgharimu.

Nilipokuwa msichana nilibangua korosho kiwandani Masasi. Mafuta ya ganda huunguza vidole, kwa hiyo chama chetu kilipigania kanuni: kila saa tusimame tupake majivu mikononi, yazuie mafuta. Meneja mpya akasema anatulipa tukiwa tumesimama bure, tuache au afunge. Tukamwambia, "Baba, tujaribu siku moja tu. Meza mbili zisipake. Sisi wa meza ya tatu tupake."

Jioni akamwaga vikapu vyote mbele yetu. Wenzetu walikuwa wakishika ganda kwa woga, korosho zao zikavunjika vipandevipande, na mnunuzi hutaka nzima. Zetu zilikuwa nzima, nyeupe kama meno ya mtoto. Asubuhi yake debe la majivu alilibeba mwenyewe, akazunguka nalo meza zote tatu, nasi tukampigia vigelegele.

Kiwanda kilikuja kufungwa nikiwa na watoto wanne, lakini hakikufungwa kwa majivu yetu.

Mwambieni meneja wenu achague siku ya kujaribu.

Bibi yako, wa meza ya tatu