Firiji Ilisema Iko Sawa

Mpendwa Mama,

Leo sianzi na "mimi mzima, hofu ni kwako." Wewe huna tena cha kuhofia. Hofu yote iko kwangu.

Unakumbuka kazi yangu ilivyokushinda kuwaeleza wanawake wa kanisani? Ulikuwa unawaambia tu, "Kemunto yuko Kisii, anaandika." Naandika programu, Mama. Kati ya hizo kuna kipande kimoja ambacho waandishi wengine hukichukua na kukitia ndani ya programu zao, kama majirani walivyokuwa wakiazima sufuria yako kubwa kila penye sherehe. Sisi hukiita maktaba. Maktaba yangu husoma kipimajoto kilicho ndani ya firiji ya chanjo, kisha hutuma digrii kwenye simu ya nesi. Firiji ya kwanza kuitumia ni ya zahanati ya kule kwetu Manga. Siku hiyo nilijivuna, na nikalia kidogo kwa sababu hukuwepo.

Mwanzoni ilikuwa na kelele. Kipimajoto kikikosa kusomeka hata mara moja, simu inalia. Sister Moraa, nesi wa pale, akanipigia: "Kemunto, hii kitu yako inapiga kelele kila saa. Wamama wanashtuka, watoto wanalia. Si uiambie itulie?"

Nikaiambia itulie. Niliiandika upya hivi: kipimajoto kisiposomeka, usimsumbue mtu. Andika tu mstari mmoja kwenye logi, lile daftari ambalo programu hujiandikia yaliyoipata, useme "hitilafu ndogo, itajirekebisha." Halafu mwonyeshe nesi digrii zilizosomeka mara ya mwisho. Adabu tupu.

Adabu hiyo niliitoa kwako. Ile siku mvua ya mawe ilipoyachana majani ya chai yote, nilimwona shangazi akipanda kijia, nikamkimbilia nikipiga nduru kwamba chai imeisha. Ulinifinya sikio. "Mgeni haambiwi mabaya akiwa amesimama. Mpe kiti kwanza. Nyamaza." Shangazi alipouliza habari za nyumbani ukamjibu "mbuya mono," njema sana, na mawe bado meupe pale uani. Nilikuona mwanamke jasiri kuliko wote.

Halafu zikaja zile simu zetu za Jumamosi jioni, Sabato ikiisha. "Mama, uko aje?" "Mbuya mono. Niko sawa tu. Ng'ombe amezaa." Ulinipa habari za ndama, za parachichi, za kwaya. Kule hospitali, daktari alipokuuliza tumbo limeanza kuuma lini, ukamjibu kwa sauti ndogo, "Tangu Krismasi." Ilikuwa Mei, Mama. Nilihesabu kwa vidole zile Jumamosi zote. Waswahili wana msemo kuhusu mficha maradhi, lakini sijawahi kuumalizia mbele ya kaburi lako. Nilikukasirikia sana, na bado nilienda kuandika kitu kinachosema niko sawa tu.

Leo asubuhi nilifungua ile logi kwa shughuli nyingine kabisa. Mstari ule ule ulijaa ukurasa mzima. Hitilafu ndogo, itajirekebisha. Hitilafu ndogo, itajirekebisha. Nikashuka chini, ukurasa baada ya ukurasa. Siku kumi na moja. Kwa siku kumi na moja kipimajoto hakikusomeka hata mara moja, na simu ya Sister Moraa ilikuwa ikionyesha digrii nne, nne, nne, naye akizinakili kwenye karatasi ya mlango wa firiji asubuhi na jioni. Na kwa baridi ya Manga, nani angefungua mlango akashtuka?

Na Jumatano iliyopita dada yangu Nyaboke alimpeleka mtoto wake pale kuchanjwa surua. Yule wa miezi tisa. Yule tuliyempa jina lako, Kwamboka.

Nilikaa na simu mkononi nikiogopa kama mwizi. Niliogopa Sister Moraa, niliogopa Nyaboke, niliogopa zaidi kwa ajili ya kile kitoto kinachobebwa kila Sabato katikati ya watoto wote wa kanisa, huenda bila kinga yoyote. Shetani akaninong'oneza: huenda firiji ni nzima, ni waya tu, subiri ujue kwanza. Nikapiga.

"Kemunto! Bwakire! Watu wa mji wako aje?" Sister Moraa akaanza salamu.

"Sister, usidunge mtoto hata mmoja."

Sikumpa kiti, Mama. Sikumsalimia. Nilimwambia programu yangu imekuwa ikidanganya, na kwamba niliiandika mimi. Nikamwomba afungue firiji asome kile kipimajoto cha zamani, cha kioo, kilichosahaulika humo ndani tangu programu yangu ifike. Nikasikia viatu vyake, na watoto wa kliniki wakilia, na mlango ukifunguka. Niliomba kwa Ekegusii, maombi yako yale ya asubuhi, nikayachanganya.

"Digrii kumi na saba," akasema, na chanjo haitakiwi kupita nane. Halafu polepole, "Ngai! Kemunto, tumechanja watoto wangapi?"

Amefunga firiji na anaita wakubwa wake. Watoto wote wataitwa tena. Nami nimeshaitoa ile adabu kwenye maktaba. Sasa kipimajoto kikikosa kusomeka, simu italia hadi mtu aende akaangalie. Boda boda iko hapo nje inanisubiri. Nataka Nyaboke alisikie jambo hili kwa mdomo wangu, tena kabla hajanipikia chai. Sijui atanitazama vipi.

Kisha nitamshika mtoto mapajani siku ya kudungwa tena, ikiwa mama yake ataniruhusu. Atalia, anayo sauti kali. Na akilia, Mama, sitamwambia Kwamboka anyamaze.

Lala salama. Mimi sitalala.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Kemunto