Mwenye Nyumba Anamlisha Mtoto Wangu Viazi

Mama Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na mtoto mapajani, kwa hivyo unisamehe mwandiko, na naomba unisaidie kwa sababu hapa ninapoishi kila mtu ananishauri na hakuna hata mmoja anayenisikiliza. Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, nimeolewa na Kefa, karani wa ofisi ya kilimo aliyehamishiwa Nyeri mwaka jana, na tumepanga chumba hapa Skuta kwenye ploti ya mama anayeitwa Mama Ngatia, mwanamke mkarimu sana, amezaa watoto sita na wote ni wazima, na nilipojifungua Naliaka, mtoto wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenipikia, akanifulia nepi, akanionyesha jinsi ya kumwogesha mtoto kwenye hii baridi, maana mama yangu yuko mbali na hakuweza kuja, na hata sasa nikimsema vibaya nahisi kama ninamtukana mzazi.

Shida ilianza Naliaka alipokuwa na miezi miwili, akawa analia kila jioni, si kilio cha ugonjwa, ni kile tu cha kulia mpaka achoke, na Mama Ngatia akasema ni njaa. Akaniambia nikamue kidogo kwenye kijiko, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Mama Naliaka, hii maziwa yako ni maji tu. Na mwezi wa saba hapa Nyeri iko baridi, inapoa huko kifuani kabla mtoto hajavuta. Huyu anataka kitu ya kukaa kwa tumbo." Wanawake wengine wa ploti wote wakakubali. Wakonyo, jirani anayefanya kazi katika duka la nguo mjini, akasema wake alianza uji kabla shingo haijakaza na sasa ni mnene hata kumbeba ni kazi, mwingine akasema ndizi ya kupondwa, mwingine akasema maziwa ya ng'ombe yaongezwe maji, mwingine akasema yasiongezwe, ati maji ndiyo yanaharibu tumbo, na walikuwa wakibishana hivyo huku wakipokezana mtoto wangu, mimi nimekaa kama mgeni aliyekuja kusalimia. Nilipomwuliza Kefa alisema Mama Ngatia amelea sita na mimi sijamaliza kulea hata mmoja.

Basi nikapika uji wa wimbi nikampa kwa kijiko, na maziwa ya ng'ombe kwa chupa, na kweli jioni hiyo alinyamaza na kila mtu akanisifu. Lakini kwa kuwa alishiba uji hakutaka kunyonya, na kwa kuwa hakunyonya maziwa yangu yakaanza kupungua, nao wakasema, unaona, si tulikuambia. Haukupita muda akaanza kuharisha. Mama Ngatia akasema ni meno. Mtoto wa miezi mitatu, meno gani, lakini nikanyamaza. Akaharisha mpaka utosi ukabonyea, akawa analia bila machozi, na hapo ndipo nilipomfunga mgongoni nikaenda hospitali bila kumwuliza mtu yeyote. Walimnyoa nywele upande mmoja wakamtia maji kwa sindano kwenye mshipa wa kichwa, nami ndiye niliyemshika miguu. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mtoto kutoka Tetu, wa rika lake, aliyeletwa kwa ugonjwa ule ule, na kesho yake mama yake alirudi kwao na blanketi tupu. Alilikunja vizuri kabisa, kona kwa kona.

Sista wa wodi aliniambia nisimpe Naliaka kitu chochote ila ziwa, nimnyonyeshe kila anapotaka, na maziwa yatarudi. Yamerudi, polepole, lakini yamerudi, na tangu tufike nyumbani ameanza kucheka tena. Sasa Jumamosi iliyopita nilienda mferejini nikamwacha amelala, Kefa akiwa hapo nje anasikiliza redio, na niliporudi nikamkuta Mama Ngatia ameketi mlangoni pangu, Naliaka mapajani, anamlisha kwa kidole viazi vilivyopondwa na supu ya njahi, yale maharagwe meusi ya huku, na Kefa anatazama. Nikatua debe, nikamchukua mtoto, nikamtoa kile chakula mdomoni, nikasema, "Mama Ngatia, mimi ndiye nilishika miguu ya huyu mtoto akidungwa kichwani. Usimpe tena."

Sikupiga kelele, lakini ploti nzima ilisikia. Mama Ngatia alipangusa kidole kwenye leso yake akaenda zake. Tangu hapo hanisalimii, Wakonyo hanisalimii, nikipita na mtoto wanaongea Kikuyu nisichokielewa, na Kefa anataka niende nikampigie magoti, ati nimemwaibisha mbele ya mwenye nyumba, na ati yule sista ni msichana tu ambaye hajazaa. Mama Mshauri, je, nikaombe msamaha? Na je, ni kweli kuna mama ambaye maziwa yake ni maji? Nauliza kwa sababu jioni akianza kulia, mimi mwenyewe naanza kuyaogopa maziwa yangu.

Nasirumbi,
Skuta, Nyeri

Nasirumbi mwanangu,

Nilikujibu kwa posta siku ile ile barua yako ilipofika, maana tumbo la mtoto haliwezi kungoja gazeti la mwisho wa mwezi. Naichapa hapa, pamoja na jibu lile, kwa ruhusa yako kwa sababu nina barua za namna hii kutoka Karatina, kutoka Timau, na moja ya mke wa mchungaji, na nimechoka kujibu jambo lile lile kwa bahasha moja moja.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalokutesa. Hapana. Maziwa yako si maji. Yanaonekana mepesi kwa sababu si ya ng'ombe, na wewe hukuzaa ndama. Wala hayapoi kifuani. Kama kifua chako kingekuwa baridi kiasi hicho tungekuwa tumekwisha kukuzika. Mtoto analia jioni kwa sababu ni mtoto na siku imekuwa ndefu. Mbebe, tembea naye, mpe ziwa tena. Na yale uliyoyaona kwa macho yako usikubali yeyote akugeuzie: uji ulijaza tumbo, mtoto akaacha kuvuta, ziwa lisipovutwa hupunguza maziwa, kisha wale waliolikausha wakasema lilikuwa kavu tangu mwanzo. Mtu anakuzibia kisima halafu anakuuliza mbona hujachota.

Sasa nawe nikugombeze kidogo. Uliambiwa kuhara ni meno, ukajua si meno, ukanyamaza. Heshima ni kitu kizuri, mwanangu, lakini haijawahi kutibu tumbo. Siku uliyomfunga mgongoni ukaondoka bila kumwuliza mtu, siku hiyo ulikuwa mama yake kweli kweli. Usirudi nyuma.

Kefa, hapa soma mwenyewe. Mtoto ametoka hospitali juzi, alama ya sindano bado iko kichwani, na wewe umekaa na redio yako ukitazama analishwa viazi kwa kidole. Unasema sista hajazaa. Wewe umezaa lini? Mkulima akija ofisini kwenu kusema anamnyima ndama maziwa ili ampe viazi, mtamcheka mpaka jioni. Unamwogopa mwenye nyumba, naelewa, lakini vyumba Skuta viko vingi na Naliaka mko naye mmoja. Wacha kumtuma mke wako kupiga magoti. Safari hii umtetee.

Kuhusu Mama Ngatia sitasema mabaya, maana mwanamke aliyekufulia nepi za mtoto si adui yako. Aliwaanzishia wake chakula mapema na wote sita wakapona, na ashukuriwe Mungu. Ndiyo maana anashauri kwa sauti kubwa. Yule mama wa Tetu na blanketi lake, nani amemwita kwenye ploti yoyote akatoe ushauri? Sisi wazazi tunasikiliza tu wale waliobahatika, kisha tunaita bahati yao ujuzi. Hilo linaniudhi kuliko yote, na nimelisema kanisani, nimelisema sokoni, na wiki ijayo najua nitapokea barua nyingine ya uji.

Fanya hivi. Nenda kwa Mama Ngatia mchana, wenzake wakiwepo, umpelekee majani ya chai na sukari kama binti anavyomwendea mzazi. Umwombe msamaha kwa kumsema mbele ya watu, kwa hilo peke yake. Kwa kumchukua mtoto wako usiombe msamaha. Halafu mwambie waziwazi kwamba Naliaka hatakula mpaka akaribie miezi sita, aweze kuketi na awe ananyoosha mkono kwenye sahani yenu. Siku ya kupima uzito kliniki, mwombe akusindikize, na yeye ndiye ambebe. Ile chupa itupe chooni. Uji wa wimbi ni mzuri sana, kwa hivyo unywe wewe, kikombe kikubwa, asubuhi na jioni. Ukienda mferejini nenda na mtoto mgongoni. Na wakati wa chakula ukifika, usiache kunyonyesha, na kijiko cha kwanza cha viazi mwachie Mama Ngatia ampe, kwa kijiko safi, si kidole.

Wasomaji wangu, Nasirumbi alifanya hivyo na juzi ameniandikia tena. Mama Ngatia alipokea majani ya chai bila kumtazama usoni, akasema amesikia. Asubuhi ya kliniki alitoka amevaa koti lake la kanisani, akamchukua Naliaka, akambeba njia nzima, na kwenye foleni akawa anawaonyesha wanawake wengine ile alama ya sindano, akiwasimulia jinsi mtoto alivyoponea chupuchupu. Mizani ikasema ameongezeka vizuri. Kefa alikuwa ameomba ruhusa kazini, akawakuta mlangoni pa kliniki. Lakini waliporudi Skuta, Mama Ngatia aliiambia ploti nzima kwamba huo uzito umetokana na viazi vyake vya ile Jumamosi, na Nasirumbi ameniuliza, akiwa na hasira, amsahihishe au amwache.

Mwache, mwanangu. Anakusalimia, anambeba mtoto, na hamlishi. Sifa achukue yeye. Wewe mchukue Naliaka, keti mlangoni pako mchana kweupe, na umnyonyeshe mbele yao wote.

Mama Wamucii, Mama Mshauri wenu